Mizani Isiyouliza Mtoto wa Nani

Mwaka 1953, huko Manhattan Beach, California, kiongozi wa skauti wadogo Don Murphy alianzisha mbio za vigari vya mbao, kwa kuwa mwanawe hakuwa amefikia umri wa kushindana kwenye magari ya kupanda. Mpaka leo skauti wadogo wa Marekani hushindana hivyo. Kila mtoto hupewa kipande cha msonobari, magurudumu manne ya plastiki na misumari minne ya kuyashikilia. Injini hakuna, kigari huteremka kwa uzito wake, ambao kwa kawaida hautakiwi kuzidi aunsi 5, yaani takriban gramu 142.

Ndiyo maana haki huanzia kwenye mizani. Ikisoma 5.1, kigari hakipiti, kiwe cha mtoto wa kiongozi au cha aliyejiunga jana. Lakini msimamizi mwenye busara hamfukuzi mtoto: humsaidia kutoboa tundu kwa keekee upande wa chini, kisha kigari hupimwa upya. Kanuni imebaki palepale, na mtoto amebaki mchezoni.

Ukimlegezea mmoja, unamdhulumu yule aliyepiga msasa jioni baada ya jioni akiamini wote watapimwa sawa. Mzazi, mwelekeze mwanao, lakini msasa mwachie yeye. Msimamizi, tangaza kanuni mapema, kisha uzisimamie bila kutazama uso wa mtu. Mtoto aliyeshindwa kwa haki hujipanga upya kwa mwakani. Aliyeshindwa kwa upendeleo hujifunza kwamba juhudi hazina maana.