Mlango wa Hema: Neno kwa Wastaafu

Masomo: Hesabu 8:23-26, Hesabu 11:1-10, Hesabu 27:1-7, Luka 2:36-38



Katika toleo hili twataka kusema na wazee wenzetu waliostaafu kazi, na hasa walimu, maana hakuna mtaa wa kanisa letu, tangu Shinyanga na Kahama mpaka Geita, usio na mwalimu mstaafu kwenye viti vya mbele. Lakini ninyi vijana msifunge gazeti. Mkijaliwa uhai, nanyi mtafika hapa.

Wengi hudhani kustaafu ni jambo lililobuniwa na serikali za siku hizi. Katika Ujerumani sheria ya malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi ilipitishwa mwaka 1889, nayo ilimtaka mtu afikishe miaka 70 kwanza. Hapa kwetu mwalimu wa serikali aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Lakini kabla ya sheria hizo zote, Torati ilikwisha kusema. Mlawi aliingia katika kazi ya hema ya kukutania akiwa na miaka 25, na alipofika miaka 50 aliiacha. Tena kazi hiyo haikuwa nyepesi. Hema ilipohamishwa, Wamerari walichukua mbao zake, nguzo zake na vitako vyake, na kwa mzigo huo walipewa magari manne na ng'ombe wanane. Sisi wa Usukumani, tuliosukuma mkokoteni wa ng'ombe uliokwama kwenye mbuga wakati wa masika, hatuhitaji kuelezwa uzito huo. Mungu alijua kwamba mgongo wa mwanadamu una mwisho wake.

Lakini liangalieni sana fungu la 26. Mlawi aliyestaafu hakufukuzwa hemani. Hakuambiwa arudi nyumbani akae kimya akingoja kufa. Alibaki pamoja na ndugu zake, naye akapewa kazi ya kulinda. Basi mzigo ulitolewa, ulinzi ukabaki. Hayo ndiyo tunayotaka kuyatafakari pamoja nanyi.

Kwanza tuseme kweli juu ya maisha yetu. Yanayotuchosha wengi wetu si mambo makubwa. Kifo twakitazama kwa tumaini la ufufuo. Ugonjwa mkubwa ukija, majirani huja pia. Yanayotuchosha ni udhia mdogo mdogo wa kila siku, ambao hakuna anayeuletea pole.

Twakwenda kwenye uhakiki wa wastaafu, na mashine ya alama za vidole yakataa kidole, kwa kuwa chaki na jembe vimekisugua kikawa laini kama kokoto ya mtoni. Kijana asema, "Mzee, weka tena." Twaweka tena. Kisha twaambiwa turudi na cheti, kwa sababu jina kwenye kitambulisho limezidi herufi moja. Na sisi ndio tuliokaa usiku kwa taa ya kibatari tukisahihisha herufi za watoto! Umeme ukikatika kwa kuisha, twanunua luku, nayo ina tarakimu 20. Twahitaji miwani ili tuzisome, twahitaji taa ili tuione miwani, na taa ndiyo hiyo tunayoitafuta. Michembe tuliyoitafuna utotoni tukichunga, leo inayashinda meno. Simu ikilia, mjukuu ndiye aijuaye. Bodaboda hutupita na kutuachia vumbi, na anayeiendesha tulimfundisha kuhesabu. Kanisani vipaza sauti vimeelekezwa kwetu sisi tulio karibu, na neno la wimbo halisikiki kwa wingi wa sauti. Na zamu ya kusoma somo la kwanza imepewa wengine, wala hakuna aliyekuja kutuambia.

Je, kuyasema haya ni dhambi? Hapana. Katika 2 Samweli 19 twamsoma Barzilai, mzee wa miaka 80, ambaye Daudi alitaka kumchukua Yerusalemu akamtunze. Barzilai alimweleza mfalme bila haya kwamba hawezi tena kuonja utamu wa chakula, wala kusikia waimbaji. Maandiko hayamkemei. Lililo muhimu ni mahali tunapoyapeleka maneno yetu.

Kitabu cha Hesabu chatuonyesha milango miwili. Katika sura ya 11 watu walilia, kila mtu mlangoni pa hema yake mwenyewe. Walikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu. Hawakukumbuka matofali waliyofyatua chini ya fimbo. Ndivyo tulivyo nasi. Twasema, "Zamani mwalimu aliheshimiwa." Ni kweli, aliheshimiwa. Lakini mbona twazisahau foleni za sabuni na sukari za miaka ya mwanzo ya 1980? Mbona twasahau kupanda baiskeli mpaka wilayani kufuata mshahara, na kurudi bila mshahara? Anayelia mlangoni pa hema yake humlilia nani? Humlilia mke, au mume, au mjukuu aliyeleta chai. Hao hawana uwezo wa kurekebisha herufi ya kitambulisho. Wao hubaki na uchungu tu, na baada ya muda huanza kutukwepa. Ndipo twasema, "Watoto wa siku hizi hawakai na wazee."

Sasa tazameni sura ya 27. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi, walikuwa na lalamiko lao. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume, na jina lake lilikuwa karibu kufutwa katika urithi. Hawakulia nyumbani. Walikwenda wote watano pamoja, wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, na Eleazari kuhani, na wakuu. Walisema maneno machache, yaliyo wazi. Bwana akamwambia Musa kwamba wanawake hao wamenena yaliyo haki, na sheria ya urithi ikawekwa upya kwa ajili yao.

Kwa hiyo yako malalamiko ambayo Mungu huyapokea. Hata katika nchi yetu tumeliona jambo hili. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa, na kanuni mpya ya kikokotoo ikaleta malipo ya mkupuo ya asilimia 25. Watumishi walisema kupitia vyama vyao, na Desemba mwaka ule ule Rais Magufuli aliisimamisha kanuni hiyo. Julai 2022 mkupuo uliwekwa kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani kundi lao lilipata asilimia 50. Hatusemi kwamba kila mmoja ameridhika. Twasema kwamba walionena, walinena mahali panaposikiwa, na neno lao halikuanguka chini.

Basi kidole kikikataliwa, tusikileta nyumbani kikamchome mjukuu. Twende wawili watatu pamoja, kama wale binti. Tumwulize mkubwa wa ofisi kwa heshima, tuandike barua, na nakala tubaki nayo. Kuandika barua si jambo geni kwetu. Tumelifundisha miaka mingi. Na yale yasiyo na ofisi, kama meno na macho na upweke wa jioni, yana mlango wake pia. Tuyapeleke katika sala, kwa majina yake, bila kuyapamba.

Lakini kupata mlango sahihi wa malalamiko ni nusu tu ya somo letu. Nusu ya pili ni ulinzi.

Tunaishi katika nchi ya dhahabu na almasi. Mwadui almasi ziligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Buzwagi, pale karibu na Kahama, ulianza mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Miaka kumi na miwili! Mwalimu wa shule ya msingi hudumu darasani kuliko mgodi. Na kando ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, na maduara yao, na makarasha yao, na zebaki yao. Rashi ikisikika mahali, hukusanya watu wote: vijana, akina mama lishe, watoto waliotoroka shule, na pia mkupuo wa mstaafu.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu katika mtaa mmoja wa upande wa Geita, aliweka sehemu kubwa ya mkupuo wake katika duara. Masika ilipokuja, maji yalijaa ndani, na dhahabu haikuonekana. Sokoni wakaanza kumwita Mwalimu Duara. Udhia mdogo tulioutaja ukamwangukia juu ya jeraha bichi, akaacha kuja kanisani. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita, Pentekoste ikapita.

Katekista wa mtaa ule hakwenda kumhubiria. Alimpelekea daftari la mahudhurio la shule ya Jumapili, akamwambia, "Shikamoo mwalimu. Majina haya yamevurugika, na kwetu hakuna ajuaye kuyapanga." Mzee alikaa nalo siku tatu. Jumapili akaja nalo, na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu.

Baada ya majuma kadhaa aliona jambo ambalo vijana wafundishao hawakuliona, kwa maana watoto ni wengi na kelele ni nyingi. Mvulana mmoja wa darasa la tano alikuwa na alama nyekundu tatu mfululizo. Mzee akachukua fimbo yake, akaenda polepole mpaka kwa bibi ya mtoto. Alikuta kwamba mtoto yuko karashani, anapewa ujira kwa kubeba mawe. Mzee hakumgombeza yule mama, kwa sababu aliona chungu kimefunikwa kifudifudi. Tangu mwaka 2016 elimu mpaka kidato cha nne haina ada katika shule za serikali, lakini njaa haikufutwa pamoja na ada. Alilipeleka jambo kwenye halmashauri ya mtaa. Unga ukapatikana, na mwalimu mkuu wa shule akaarifiwa.

Mtoto alirudi shuleni. Si kila siku. Rashi mpya ikisikika, hupotea tena. Mzee humwekea alama nyekundu, kisha humfuata tena. Fedha ya duara haikurudi, na sokoni bado wako wamwitao kwa jina lile. Lakini Jumapili, kabla ya kengele ya pili, yeye yupo mlangoni na daftari lake.

Huo, ndugu zangu, ndio ulinzi wa Walawi. Hakubeba mbao. Hakuhubiri, hakuongoza kwaya, hakukalia kiti cha mtu. Alitazama kwa jicho la mwalimu, akaona nani hayupo. Ndivyo alivyokuwa Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, ambaye hakuondoka hekaluni. Wengi walipita siku ile wakiwa na shughuli zao. Yeye alikuwapo, akitazama, naye alimtambua Mtoto aliyeletwa na wazazi maskini, akamshukuru Mungu, akawaeleza wengine. Kristo Bwana wetu aliletwa hekaluni mikononi mwa watu wanyonge, na waliompokea walikuwa wazee.

Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. La kwanza, kabla hatujalalamika tujiulize: tumesimama mlango gani? La pili, tuliache lile tulilotuliwa. Wako kati yetu wanaotaka kubeba tena mbao walizokwisha kutua. Hushikilia funguo za kanisa, hukatiza mikutano ya vijana, husema, "Enzi zetu haikuwa hivi." Torati haikumpa mstaafu kazi ile ya kwanza. Vijana na wabebe, hata wakibeba kwa makelele kuliko tulivyobeba sisi. Kama vipaza sauti vyaumiza masikio, tusogee viti viwili nyuma, lakini tusitoke hemani. La tatu, kila mmoja wetu atafute daftari lake: watoto wawili wa jirani wasiojua kusoma, wagonjwa wa mtaa, mzee mwenzetu asiyeonekana tangu mwezi uliopita.

Nanyi vijana, tunawasihi. Mnakuja kwetu mkitaka tuwe wadhamini au tutie saini. Vema, njoni. Lakini njoni na daftari pia. Msimngoje mzee ajitokeze mwenyewe, maana wako ambao aibu imewafungia ndani, nao wanangoja mtu awaambie kwamba bado wanahitajika.

Na tuombe: Ee Mungu, uliyetutua mizigo yetu kwa wakati wako, utupe uvumilivu katika yaliyo madogo, na maneno ya haki katika yaliyo makubwa. Utuzuie tusilie mlangoni petu wenyewe. Utuweke mlangoni pako tukiwa macho, tumwone mtoto asiyekuwapo, tukamfuate. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.