Margai, Mwindaji na Deni la Kusikiliza

Mwaka 2005, katika hifadhi ya msitu ya Adolpho Ducke karibu na Manaus, nchini Brazili, watafiti waliwaona tamarini wanane wakila matunda katika mti wa jamii ya mkuyu. Tamarini ni kima wadogo sana. Kutoka katika mzongomano wa mimea itambaayo ikasikika sauti kama ya kitoto chao. Mlinzi wa kundi akapanda na kushuka akichungulia, huku akiwatahadharisha wenzake. Wanne wengine wakateremka kutazama. Aliyejitokeza hakuwa mtoto bali margai, paka mdogo wa mwituni mwenye madoa, ambaye vifundo vya miguu yake humwezesha kushuka mtini kichwa kikiwa mbele. Mlinzi akapiga ukelele, kundi likakimbia, na margai akabaki na njaa yake.

Nilipoisoma habari hii, iliyochapishwa mwaka 2009 na Calleia, Röhe na Gordo, niliiamini papo hapo. Kisha nikasoma kwamba wakazi wa Amazoni walikuwa wakisimulia tayari kuhusu paka wa msituni, hata jagwa na puma, wanaoiga sauti za wanyama ili kuwavuta karibu. Nikajiuliza: kama ningeanza kwa kuyasikia maneno ya mwindaji wa huko, ningeyaamini? Nakiri kwamba ningecheka. Ningeyaweka pamoja na hadithi za sungura na fisi. Insha hii inauliza kama kicheko hicho ni kosa la kukosa habari tu, au ni kosa la kimaadili. Nadai kwamba ni la kimaadili.

Hoja ya kunitetea ipo. David Hume, katika maandishi yake ya mwaka 1748 kuhusu miujiza, alifundisha kwamba mwenye busara hupima imani yake kwa uzito wa ushahidi. Jambo likiwa geni, ushuhuda unaoliunga mkono unapaswa kuwa mzito zaidi. Paka anayelia kama kima ni jambo geni. Lakini geni kwa nani? Kwangu mimi niliyelelewa mjini, ni geni. Kwa mtu aliyewinda msituni miaka 30, huenda ni la kawaida. Wahenga walisema, kuishi kwingi kuona mengi. Nikiyafanya machache niliyoyaona mimi kuwa kipimo cha mengi aliyoyaona yeye, simfuati Hume. Natumia jina lake kuficha dharau yangu.

Tena, mimi sijawahi kufika Manaus. Ninachokijua kuhusu sauti ya margai ni ushuhuda pia: watu fulani wanasema walisikia jambo fulani. Tofauti ni kwamba watafiti waliandika mahali, mwaka, idadi ya kima na mfuatano wa matukio, wakawapa wenzao nafasi ya kuwakosoa. Hiyo ni sifa kubwa, wala siidharau. Ila kuandika hurahisisha kuukagua ushuhuda. Hakuufanyi uwe kweli. Kama margai huiga sauti, aliziiga hata kabla ya mwaka 2005.

Mwanafalsafa wa Uingereza, Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma katika maarifa, alionyesha kwamba msemaji akipunguziwa imani kwa sababu ya dhana mbaya tuliyo nayo juu ya watu wa aina yake, anadhulumiwa katika nafasi yake ya mtu ajuaye. Mwaka 2010 shirika la Wildlife Conservation Society lilisema kwamba tukio la Manaus linazidi kuthibitisha kuwa taarifa za wakazi wa Amazoni ni za kutegemewa. Ni kauli ya heshima, lakini inanisumbua. Je, ilibidi msomi asikie kwanza ndipo neno la mwindaji lipate uzito? Hata jina margai limetoka katika lugha ya Watupi wa Brazili kupitia Kifaransa. Jina tulilichukua bila kudai uthibitisho; habari za mwenye jina tukazisubirisha.

Mtu atasema: basi tuamini kila hadithi? Hapana. Wazee hukosea, wawindaji hutia chumvi, na tamarini wenyewe nusura waliwe kwa kuamini sauti. Lakini mtazame yule mlinzi. Hakuipuuza sauti, wala hakuikimbilia kichwa kichwa. Aliichunguza, akawaonya wenzake, na alipouona ukweli akautangaza. Deni letu kwa msemaji si kukubali kila neno lake. Ni kulichukulia kuwa jambo linalostahili kuchunguzwa, na likithibitika, kumtaja aliyelisema kwanza.

Deni hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Hatufuatilii paka, lakini tunakwenda vijijini na madaftari kukusanya methali, majina ya miti na maana za maneno. Mzee akitueleza maana isiyomo katika kamusi, wengi wetu tunaandika ile ya kamusi. Tukirudi chuoni, waandishi wa vitabu tunawataja kwa majina, naye tunamwita mtoa taarifa, tukaandika umri na jinsia yake.

Mwaka jana nami niliandika hivi: mkulima, mwanamume, miaka 71. Alikaa nami mchana kutwa, akanieleza maneno ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. Wako watoa taarifa wanaoomba majina yao yafichwe, na hiyo ni haki yao. Huyu hakuomba. Mimi ndiye sikumuuliza. Jina lake limo katika daftari langu. Katika kazi niliyoikabidhi, halimo.