Madini Hayana Nia

Huulizwa mara nyingi, hasa ubavuni pa kitanda cha mgonjwa, kama shari imo katika dhati ya kitu au huletwa na mkono unaokitumia. Nami kila nilipolitafakari swali hilo nimerejea kwenye madini, maadamu madini hayana nia wala hasira ya kusingiziwa.

Mwaka 1965, huko Michigan, Marekani, mtaalamu Barnett Rosenberg alipitisha umeme katika maji yenye bakteria kwa vipande vya platinamu, madini yaliyosifika kuwa hayaingiliani na kitu, akitaka kujua umeme huo utawafanya nini viumbe wale wanapojigawa. Wakaacha kujigawa, wakarefuka kama nyuzi, baadhi yao hata mara 300 ya urefu wao. Umeme haukuwa na hatia: ni platinamu iliyoyeyuka kidogo kidogo. Ndipo ikapatikana sisplatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, ambayo imewaponya vijana wengi wenye saratani ya korodani, hata iliyokwisha kutapakaa mwilini.

Hapo msemaji mwepesi hushangilia kwamba kila sumu imefichiwa shifaa. Mimi sina haraka hiyo. Dawa ile hukaza nyuzi za urithi ndani ya chembe, zisiweze kujinakili, wala haiulizi chembe ni ya nani. Ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa dripu chupa baada ya chupa ili figo zisalimike, na wako waliorudi kwao wazima ilhali kengele ya baiskeli hawaisikii tena. Aseniki nayo, ambayo katika visima vya Bangladesh imewatia watu saratani ya ngozi na ya kibofu, ndiyo matabibu wa Harbin, China, waliyoanza kuitumia miaka ya 1970 kutibu aina moja ya saratani ya damu.

Watanijibu kwamba jambo lote ni kadiri. Kweli, ila haitoshi: kipimo kinachoua saratani ndicho kinachodhuru sikio, katika mrija ule ule, saa ile ile. Kwa hiyo siamini kwamba heri na shari zimekaa ndani ya madini kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Tendo ni moja, nasi hulipa majina mawili kwa kutazama kiungo lilichokifikia. Na ikiwa madini hayana taksiri, dhima imemwangukia tabibu, ambaye kabla hajaufungua mrija yampasa kukaa kitako, amweleze mgonjwa kwa lugha ya nyumbani kwao kwamba ataupata uhai, na pengine atawakosa ndege wa alfajiri.