Nguzo na Tawakuli

Msafiri aiendeaye Kakamega kutoka Kisumu, alionapo Jiwe Lilialo la Ilesi limesimama imara, hudhani ardhi haikhini kamwe. Lakini zilizala la Subukia, mwaka 1928, latukumbusha kuwa hata nchi yetu hutikisika. Huko Niigata, Japani, mwaka 1964, mchanga uliojaa maji ulipotikiswa na zilizala, maji yalizisukuma chembe zake zisishikane, ukawa kama uji, na nguzo za daraja la Showa, kwa kukosa kishikizo ubavuni, zikapinda, daraja likaanguka. Je, tumlaumu Mola? Hasha! Tawakuli ya haki ni kuzikita nguzo nene mpaka tabaka gumu, kisha kuomba dua. Enyi wajenzi wa madaraja ya mito ya Isiukhu na Nzoia, upimeni udongo kwanza.