Wema wa Kuigiza

Katika filamu zake, nyota wa Kitamil M. G. Ramachandran alijiepusha na sigara na pombe, akawa mtetezi wa wanyonge. Je, wema unaoigizwa ni wema? Naamini unaweza kuwa, kwa kuwa humfunga mwigizaji mbele ya waliomwamini. Baadaye, akiwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu nchini India, mwaka 1982 Ramachandran alipanua mno mpango wa chakula cha mchana kwa watoto maskini. Wapo wasemao alitafuta kura tu. Huenda; lakini nia aijuaye ni Mungu, sisi tunaweza kumpima mtoto aliyeshiba. Pingamizi zito zaidi ni la Desemba 1987: alipofariki, baadhi ya mashabiki walijiua. Msiba huo haukuzaliwa na wema ulioigizwa, bali na kumwabudu binadamu, jambo ambalo yeye na chama chake hawakulizuia vya kutosha.