Je, Maumivu Yatulizwayo kwa Fikira ni Uongo?

Mtu akiumwa na mgongo siku tatu, watu wa nyumbani humkanda na kumwombea. Akiumwa mwaka mzima, na picha za hospitali zisionyeshe kitu, huruma hupungua na maneno huanza: "Ajitia huyu." Na daktari akimwelekeza kwa mtaalamu wa nafsi, yeye mwenyewe huona ametukanwa. Je, maumivu yapunguayo kwa kutibiwa fikira yalikuwa ya uongo tangu hapo?

Sisi twasema sivyo. Daktari Henry Beecher wa Marekani aliandika mwaka 1946 kuwa wengi wa askari waliojeruhiwa vibaya vitani, walipoulizwa, hawakutaka dawa ya maumivu. Nani atakayesema kuwa majeraha yao yalikuwa ya kubuni? Basi ikiwa jeraha laweza kuwapo bila ya maumivu, kwa nini tukatae kuwa maumivu yaweza kubaki baada ya jeraha kupona? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa habari za maumivu hupita katika uti wa mgongo kama zipitazo langoni, na ubongo waweza kulifungua lango hilo au kulibana. Hata kidole kilichobanwa na mlango hakiumi ila kwa ubongo.

Na hofu hufanya kazi kubwa hapa. Aumwaye huogopa kuinama, kisha huogopa kutembea. Misuli hulegea, usingizi hupotea, na maumivu huzidi. Huko Seattle, Wilbert Fordyce alifundisha kuwa mgonjwa apumzike kwa saa iliyopangwa, wala si kila anapoumwa, na mwendo wake uongezwe kidogo kidogo. Sisi huku humlaza mgonjwa kitandani, tukamfanyia kila jambo, kisha tukaita hiyo subira! Hatudhani kuwa subira ni godoro.

Lakini asije mtu akawauzia watu miujiza. Kiungo kilichovimba kwa baridi yabisi chataka dawa zake, na kila maumivu yakaguliwe kwanza na daktari. Kweli, katika jaribio moja la Colorado lililochapishwa mwaka 2022, watu 33 kati ya 50 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, waliofundishwa kuyaona maumivu yao kuwa si dalili ya hatari, walipona au wakakaribia kupona. Na kati ya 50 walioendelea na matibabu yao ya kawaida walikuwa 5 tu. Ila majaribio mengi ya tiba za namna hii yalipokusanywa mwaka 2020, faida yake kwa jumla ilionekana ni ndogo. Ndogo si bure, kwa mtu ambaye hajalala usiku.

Mwaka huo huo wa 2020 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilieleza upya maana ya neno hili, ikaandika kuwa kauli ya mtu asemaye aumwa iheshimiwe. Basi bibi yetu akisema goti lamuuma, tusimtake ushahidi. Tumshike mkono twende naye hadi mlangoni, na kesho hadi kwa jirani, na akichoka tuketi naye barazani, kisha turudi.