Biblia ya Kisukuma ni ya Nani?

Biblia ya Kisukuma haikutufikia kwa mkono wa kanisa moja. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa CMS, yaani Waanglikana wenzetu, walifungua kituo Nassa, katika wilaya ya Busega ya leo. Mwaka 1909 walikikabidhi kwa AIM, na kazi hiyo ikazaa Kanisa la AIC la majirani zetu. Agano Jipya lilitoka 1925, Biblia nzima 1960. Je, sisi Waanglikana tulipata hasara? Hasha! Sote tunakula chakula kile kile.

Lakini kitabu kisichosomwa ni kama mbegu ya pamba iliyosahauliwa ghalani, msimu ukapita. Wazee wetu macho yamefifia. Wajukuu wanaona vizuri, ila kusoma Kisukuma kunawashinda, maana shuleni husoma Kiswahili.

Basi, sisi tuliostaafu ualimu tukae nao baada ya ibada, tuwafundishe, wakawasomee bibi na babu zao. Tuwaalike na ndugu wa AIC. Bwana hatatuuliza mbegu ilitoka ghala la nani. Atatuuliza kama tuliipanda.

Amina.